Kiti cha Dirishani

Kitinda mimba ndiye aliyeachiwa kutafuta mpambaji wa kuiweka sawa nyumba ya marehemu mama yao, ipate mnunuzi. Wa kwanza alikuja na vyeti vyake, akaongea kama chiriku. Wa pili aliziba pua. Wa tatu alivua viatu mlangoni, akauliza taratibu, "Mama alikuwa anapenda kukaa wapi?"

Machozi yakamlenga kitinda mimba. Akamwonyesha kiti cha dirishani, akampa kazi papo hapo.

Siku ya kazi, mpambaji alianza kukivuta kiti hichohicho kuelekea mlangoni.

"Dada, mbona hicho?"

"Ndiyo maana niliuliza, mdogo wangu. Nyumba haiuziki mwenyewe akiwa bado amekaa."

Kitinda mimba alikisogelea kiti. Akashika upande wa pili, wakamtoa mama.