Mume Wetu Yuko Chooni

Mpira wa mkojo ulipotolewa, mume wangu alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la chumvi. Muuguzi, binti mchangamfu wa umri wa wajukuu zetu, akamkabidhi jagi la plastiki lenye alama pembeni.

"Babu, kunywa maji kidogo kidogo. Ukibanwa, kojoa humu. Mkojo ukitoka vizuri, leo unalala kwako. Ukigoma, mpira unarudi."

"Palepale?"

"Palepale, mume wangu!" muuguzi akamtania kama mjukuu anavyomtania babu yake.

Wodi nzima ikaangua kicheko, isipokuwa mume wangu mwenyewe. Fundi cherehani huyu, tangu tezi dume ilipomzibia njia hadi siku ya upasuaji, alikuwa amefungwa mfuko wa mkojo pajani. Alijishonea suruali pana ili kuuficha, na wateja walipomwona akichechemea, alisingizia baridi yabisi. Nami alinikataza kumsaidia kuumwaga.

Maji yalipomkolea, akajifungia chooni. Nikasimama mlangoni. Mdomo wangu, kwa kweli, haukuumbwa na breki.

"Umeanza?"

"Bado."

"Fungua bomba kidogo, usikie maji."

"Nimefungua."

"Usijikaze. Legeza mabega. Waza mvua."

"Bibi, nihurumie!" kinyozi aliyelala kitanda cha karibu akapaza sauti. "Sasa nimebanwa mimi!"

Wakacheka tena. Ndani, bomba likafungwa.

"Mke wangu." Sauti ilikuwa ndogo, kana kwamba inapenya tundu la sindano. "Naogopa."

Tumezeeka pamoja, neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Niondoke?"

"Usiondoke. Ila usiseme."

Nikaweka kiganja kwenye rangi ya baridi ya mlango, na ulimi nikaubana kwa meno. Maneno yakanijaa kooni yakisukumana kama watoto wakinusa maandazi. Nikayameza moja moja.

Tone likadondoka. Likasita. Likafuata la pili, kisha kitu kikafunguka huko ndani na mkondo ukapiga plastiki, mfululizo, kwa kishindo! Kinyozi akainuka kwa kiwiko. Mimi nimeuma ncha ya mtandio, machozi yakinichuruzika.

Akatoka jasho likimtiririka, jagi kalishika kwa mikono miwili. Muuguzi akalinyanyua kwenye mwanga.

"Huu wekundu kidogo ni wa kidonda, ni kawaida." Akampitishia kipimo chini ya kitovu, akatazama kioo cha mashine. "Mkojo uliobaki kibofuni ni kidogo sana. Jamani, mume wetu amefaulu!"

Makofi yakalia. Kinyozi akaomba alishike jagi, apate baraka.

Tulipokuwa tukitembea ujiani kuelekea nje, yeye akaanza kusema, bila kuulizwa: jinsi alivyokuwa, kabla ya kuwekewa mpira, akisimama usiku akiegemea ukuta wa choo, akingoja, akidhani uanaume wake umekwisha na kwamba nikijua nitamdharau. Maswali yalinifika tele mdomoni. Nikapunguza mwendo tu, lango lisije likafika upesi.