Popo wa Tano

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane, hapa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, Tao Xiuzhen alichora popo watano wekundu kwenye mtungi mweupe wa kauri, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Mapichi ni kazi ya mzee Gao, mawingu ni ya mdogo wake. Popo ni wa Xiuzhen peke yake, na fundi hagusi cha mwenzake. Kila popo ni baraka: umri, mali, afya, wema, na wa tano ni kufa kifo chema uzeeni, kitandani mwako. Mtungi ukaingia tanuri dogo la kushikisha rangi. Ulipotoka, popo walikuwa wanne.

Pale pa wa tano palikuwa peupe, laini, hapana hata kovu. Xiuzhen alimkuta popo huyo nyumbani, ananing'inia kichwa chini kwenye kibao cha jina la marehemu mumewe, bado ana joto la tanuri. Akasogeza kibao kisipate moshi wa jiko, akapika wali.

Wiki ile walihama kumi na mmoja, wote wa tano.

Msimamizi Pang alikuja karakanani mwenyewe, mtungi mkononi.

"Mama Luo," alimwambia Xiuzhen, kwa jina la mumewe, "huu unakwenda kasri la mfalme. Mchore tena."

"Nimemchora mara kumi na moja, bwana. Hakai."

"Basi mkalishe. Fundi wa popo si wewe?"

Xiuzhen aliweka brashi chini. Mumewe, Luo Guangcai, alikuwa mpakuaji, mtoa vyombo wa tanuri kubwa. Tanuri lile huachwa lipoe siku nne. Pang alimwingiza siku ya pili, amefungwa vitambaa vibichi kichwani na mikononi. Alitoa vyombo hamsini na sita, yeye hakutoka. Daftarini Pang aliandika kwamba marehemu aliingia kwa pupa yake mwenyewe. Uongo mtupu, na mji mzima unajua.

"Andika kwamba ulimtuma wewe," alisema Xiuzhen. "Huenda popo akakaa."

"Unanitisha?"

"Nakueleza tu. Kifo chema cha mume wangu umekila wewe, Bwana Pang, na bado hujashiba."

Mzee Gao alikohoa, akaendelea na pichi lake. Pang angemfukuza, lakini wale wanne angewachora nani?

Mitungi ikaenda hivyo hivyo. Baada ya miezi mitatu ikaja barua kutoka kasri: mtindo mpya umependeza mno, iletwe mia mbili kabla ya mwaka mpya. Pang aliisoma kwa sauti, kifua mbele, utadhani kaubuni yeye. Daftari hakuligusa. Akaamuru tanuri kubwa lifunguliwe siku ya pili.

"Sasa wanne tu, Mama Luo," akasema. "Ndiyo amri."

Nje ya dirisha, mpakuaji mpya, Song Delin, baba wa watoto wawili, alikuwa anachovya vitambaa ndooni. Xiuzhen alimtazama mpaka alipomaliza kujifunga. Kisha akavuta mtungi wa kwanza, akachora watano, wa mwisho akimwelekeza dirishani kwa Song.