Mzee Aliyetaka Kushtakiwa

Iorwerth Pugh alipojiua, aliyewapigia polisi simu ni mdogo wake, Tegid. Sajenti Non Prydderch alipanda na gari mpaka shambani kwao, juu kabisa milimani, akamkuta mzee amekaa jikoni amevaa koti na kofia, kama mtu anayesubiri kuchukuliwa.

"Nilimsaidia," alisema Tegid.

"Ngoja kwanza, Mzee Tegid. Sheria haimshtaki anayejiua, inamshtaki anayemsaidia, hata akimsaidia kwa huruma. Unaweza kufungwa miaka kumi na minne."

"Haidhuru. Dawa nilimpa kwa mkono wangu huu."

Ndugu hao hawakuoa, wala mmoja wao hakuwahi kuhama nyumba ile. Walifuga kondoo, wakabishana, wakalala vyumba vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao. Kisha maradhi ya misuli yakamshika Iorwerth, yakamla miguu, yakaanza na mikono. Siku moja alimwomba Tegid ampeleke Uswisi, ambako mtu akitaka kufa husaidiwa. Tegid alitoka nje akaenda kutengeneza ua ambao haukuwa umebomoka. Hawakulizungumzia tena.

Non aliandika maelezo yake, lakini hayakumwingia akilini. Mzee hakujua hata dawa zilikuwa za rangi gani. Daktari naye alisema kifo kilitokea mchana, ilhali simu ya Tegid ilipigwa usiku. Sajenti akashuka kwa jirani yao, Heulwen.

"Tegid?" Heulwen alishangaa. "Siku ile alishinda mnadani mjini, anagombana na wanunuzi kuhusu meno ya kondoo dume. Nilikwenda naye na nikarudi naye, giza limeshaingia. Na ni Iorwerth aliyemfukuza. Alimwambia, nenda bwana, leo umenikalia kichwani, na nyumba nzima inanuka wewe."

"Walikuwa wamegombana?"

"Hapana. Ndivyo walivyopendana hao."

Non akarudi juu. Safari hii Tegid alimwekea chai na mkate wa zabibu, akaukata vipande vinene.

"Mzee, siku ile ulikuwa mnadani."

Tegid aliendelea kupaka siagi. "Nani kasema?"

"Mnada mzima. Kaka yako alikutoa nyumbani makusudi, sheria isikuguse. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado na nguvu. Alifanya mwenyewe."

"Kwa hiyo unasema hakuwa na mtu."

"Ndiyo. Alikuwa peke yake."

Mzee aliweka kisu chini. Alivua kofia, akaishika mapajani. "Hebu niandikie kwamba nilikuwepo, binti. Nifunge, sijali. Mtu amelala upande wa pili wa ukuta wangu maisha yangu yote, halafu afe hivyo, mimi naongea habari za meno ya kondoo?"

"Siwezi kuandika lisilokuwepo."

"Angeniambia tu. Ningekaa naye."

"Ungekaa naye, ningekuwa nimekuja na pingu."

Tegid alilia kimya kimya, na Non akakaa mpaka chai ikapoa.

Mchunguzi wa vifo alisikiliza shauri hilo mjini kabla ya Krismasi. Alitamka kwamba marehemu alijitoa uhai na hakusaidiwa na mtu yeyote. Akamuuliza Tegid kama ana la kusema.

"Ningeomba iandikwe kwamba alikuwa na ndugu."

"Hilo limeandikwa, Bwana Pugh. Limo ukurasa wa kwanza."

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Non alimsindikiza hadi kituo cha basi, wakasimama chini ya kibanda.

"Sasa limekwisha?" Tegid aliuliza.

"Limekwisha. Faili limefungwa."

"Huna swali lingine lolote? Maana ukiwa nalo, mimi nipo. Wikiendi nipo pia."

Non alisema hana. Basi likaja, Tegid akapanda, akachagua kiti cha watu wawili, akakaa upande wa dirishani, nafasi ya pembeni yake akaiacha wazi.