Mwali Hasemi

Sauti iliyokuwa ikiomba maji kutoka chumba cha uani ilikuwa ya Batuli mwenyewe, na Batuli alikuwa nje, amechuchumaa chini ya ukuta, kiganja kimeziba mdomo.

"Maji," ilisema sauti. Ikanyamaza. "Maji. Sitaki. Mama, njoo."

Aliyekuwa ndani ni Mina, binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye tangu azaliwe hajatamka neno. Daktari alilipa jambo hilo jina, usonji, akamrudisha nyumbani nalo. Maneno yalikuja baadaye, kwa Mwalimu Evarista wa kitengo cha mahitaji maalumu, aliyewawekea programu ya picha kwenye simu. Unagusa bilauri, simu inasema "maji." Unagusa sufuria, inasema "njaa." Unagusa viganja viwili vilivyokutanishwa, inasema "asante." Programu ilihitaji sauti ya mtu, basi Batuli akajifunika shuka gubigubi ili sauti za majogoo wa jirani zisiingie, akasoma neno moja moja kama anayekula kiapo. Tangu hapo mwanawe akawa anamwita kwa sauti yake yeye.

Neno lililochelewa kuliko yote lilikuwa "sitaki." Picha yake kiganja chekundu. Kabla ya neno hilo Mina alikuwa akijing'ata mikono mpaka inatoka damu, akipiga kichwa ukutani, na watu wa Kaole wakivuka njia wakimwona. Alipolipata, aliacha. Akishikwa kichwani, jambo asilolipenda kuliko lolote duniani, aligusa kiganja, na watu wakamwachia. Siku nyingine alikigusa kwa furaha tu, amekaa peke yake, anacheka.

Sasa alikuwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Lilikuwepo, wameliziba kwa gunia. Alivunja ungo akiwa shuleni, na mwalimu mkuu akamrudisha siku ileile, akisema kitengo hakina mtu wa kuhudumia msichana wa umri huo, akae nyumbani kwanza. Kabla Batuli hajamaliza kumwosha, wifi yake Shamsia alikwisha kutandika mkeka chumba cha uani na kutuma mtu kumwita kungwi. Mwali haonwi na watu. Mwali hasemi kwa sauti. Akiwa na haja hupiga kofi mara moja, akanyamaza. Na mama mzazi haingii. Hayo ni ya kungwi na shangazi.

Batuli ndiye aliyeificha simu ndani ya furushi la kanga. Alikumbuka kupunguza mwanga wa kioo. Kupunguza sauti hakukumbuka.

"Batuli!" Shamsia alitokea jikoni, mikono imejaa unga. "Mbona unazungumza na mwali?"

"Sijazungumza, wifi."

"Nimekusikia kwa masikio yangu haya."

"Mama, njoo," ukuta ulisema.

Shamsia alimtazama Batuli mdomoni. Mdomo ulikuwa umefungwa. Akarudi nyuma, akamtaja Mungu, unga ukimpukutika vidoleni. Kisha akaelewa. Hakuwa mjinga, Shamsia. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea jirani zake ujumbe wa simu zao. Aliingia ndani. Palisikika purukushani, sauti ya kungwi ikisema "lete, lete hapa," halafu kimya.

Halafu ikaanza sauti nyingine. Puu. Puu. Batuli aliisikia mgongoni kabla ya kuisikia masikioni, maana alikuwa ameegemea ukuta uleule ambao mwanawe alikuwa akiupiga kwa kichwa.

Shamsia alitoka ameishika simu kwa ncha za vidole. "Kumbe shetani lenyewe lina chaji."

"Wifi, nakuomba. Mrudishie. Bila hiyo hawezi kuomba hata maji."

"Maji anapewa."

"Akiumwa je? Atasemaje?"

"Sote tulikaa ndani, tukaumwa, hatukufa. Wewe ulikufa?"

Kungwi alichungulia mlangoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, ugoro umemjaa mdomoni. "Mimi mwaka huu nimeletewa mwali bora," alisema akicheka. "Wengine nawafundisha kunyamaza mpaka koo linanikauka. Huyu kaja amehitimu."

"Bibi, anaumia. Msikilize."

"Atachoka."

Shamsia alimvuta Batuli hadi kwenye karo. Alipozungumza, alizungumza taratibu. "Unadhani namtakia ubaya? Damu ya kaka yangu ile. Unajua wanavyotuita? Nyumba ya zezeta. Kila arusi wananiuliza, vipi, mgonjwa wenu bado yupo? Akichezwa unyago kama wenzake, akitolewa nje mchana kweupe, hakuna wa kufungua mdomo tena. Nataka awe mtu, Batuli. Mtu kama watu."

Alikuwa na machozi. Hilo ndilo lililomtisha Batuli kuliko yote. Wifi angekuwa na chuki, Batuli angejua pa kumshika. Lakini Shamsia alikuwa anampenda Mina.

Asubuhi Batuli alijifunga mtandio akaenda mjini, kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Juu ya kiti cha ofisa palikuwa na bango, na kwenye bango alikuwemo Mina, amevaa fulana ya buluu, ameishika simu, macho yanatazama pembeni. Chini yake iliandikwa: HAKUNA ANAYEACHWA.

"Mama Mina!" ofisa alisema, akasimama kabisa. Jina lake Sixbert, mtu wa bara, mpole, mwenye miwani. "Mtoto wetu wa bango hajambo?"

Batuli alimweleza. Alieleza haraka, akiogopa kukatizwa, lakini Sixbert hakumkatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Amefungwa kamba?"

"Hapana."

"Ananyimwa chakula?"

"Hapana."

"Amechomwa, amekatwa, kuna jeraha?"

"Anapiga kichwa ukutani."

"Anajipiga mwenyewe." Aliifuta miwani kwa ncha ya tai. "Sasa mama, mimi nitaandika nini?"

"Andika kwamba wamemnyang'anya mdomo."

Sixbert alitabasamu kwa huzuni. "Unajua, mama, mambo haya ya unyago nikiyagusa, mwenyekiti atasema mgeni anadharau wenyeji. Mwaka jana mwenzangu alijaribu, akahamishwa. Nami nina watoto. Nendeni mkayamalize kifamilia."

"Familia ndiyo iliyomweka humo."

"Basi tumwombe Mungu. Na ikitokea kaumia kweli, njoo mbio. Hapo tutakuwa na pa kuanzia." Alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika bega. "Halafu usisahau, wageni wetu wanakuja mwezi ujao. Mlete Mina, na ile fulana. Wanapenda sana kumwona akiitumia simu."

Aliporudi Kaole, puu ilikuwa imepungua. Ilikuwa inakuja mara mojamoja, kwa mbali, bila nguvu. Batuli alisimama uani akisubiri ifuatayo, na kila ilipochelewa aliogopa zaidi ya ilipokuwa ikipigwa mfululizo.

Alimpigia mumewe. Muharami alikuwa Lugoba kwenye mashine za kokoto, na ilibidi apige kelele.

"Dada kanieleza!" alisema.

"Mwambie amtoe. Ni neno lako tu, Baba Mina. Mwanao anakufa."

"Hafi mtu! Hiyo nyumba ni ya nani, Batuli? Ya dada. Akitutoa mimi nikirudi nitalala wapi, kwenye haya mawe?" Mashine ilinguruma. Aliporudi hewani sauti yake ilikuwa ndogo. "Fanya anavyotaka. Ni siku chache tu. Ukigombana naye mimi siko hapo, unanisikia? Siko."

Shamsia alikuwa nyuma yake, amesikia yote. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, simu ya Mina mapajani. Hata yeye alionekana hajalala.

"Nitampa," alisema. "Sina roho ya kumsikia vile. Lakini lile neno litoke."

"Neno gani?"

"Unalijua. Kila kungwi alipomgusa, sitaki, sitaki. Na sauti yako! Kungwi anasema wewe ndiye uliyekuwa ukimtukana kutoka nje. Kesho ananyolewa mbele ya watu. Wanakuja ndugu wote, mpaka wa Lugoba. Mwali aseme 'sitaki' ngoma ikilia? Si tutazikwa na aibu, wifi yangu?"

"Akinyolewa ataogopa. Hapendi kushikwa kichwa. Hilo ndilo neno lake, hana jingine."

"Maji abaki nayo. Njaa abaki nayo. Mama abaki naye, mimi sikatai. Hilo moja tu." Shamsia aliinyanyua simu akaelekeza mkono kwenye choo cha shimo. "La sivyo inakwenda kule, na maneno yake yote."

Batuli aliipokea. Alifikiri angeweza kujifanya amefuta, lakini Shamsia alisimama begani kwake, na macho yake yaliona vizuri. Kiganja chekundu kilikuwa pale, juu kabisa, kona ya kulia. Alikikandamiza kwa kidole. Simu ikamuuliza kama ana uhakika.

Puu, chumbani. Kisha kimya kirefu.

Alibonyeza ndiyo. Kiganja kikatoweka, na picha zilizokifuata zikasogea kuziba nafasi, kama watu kwenye benchi mmoja wao akiinuka. Hakutazama ipi imekwenda wapi. Alikuwa anatazama mlango.

Shamsia aliingia na simu na kata ya maji. Haukupita muda, sauti ya Batuli ikasema ndani, "Maji." Ikasema tena, "Maji." Ukuta ukatulia. Batuli alikaa chini palepale kwenye mchanga, akalia, akashukuru, akajiambia amemwokoa mwanawe.

Siku ya pili uwanja ulijaa kabla jua halijakaza. Wanawake walivaa kanga za sare, watoto walipanda ukuta, ngoma zilioteshwa moto wa makuti mpaka ngozi zikakaza. Mina alitolewa nje akiwa mgongoni kwa kungwi, amefunikwa, akakalishwa kwenye kigoda katikati ya watu wote. Walipomfunua, kwenye paji la uso palikuwa na uvimbe uliopakwa liwa. Mwanga ulimpiga, ngoma zikampiga, akafumba macho kwa nguvu. Simu alikuwa ameikumbatia kifuani.

Mama mzazi aliwekwa nyuma, safu ya mwisho. Batuli alipenyeza shingo kati ya mabega ya watu.

Kungwi alilowesha nywele, akamshika Mina utosini kwa mkono wa kushoto. Mwili wote wa mtoto ulikakamaa. Kidole chake kilitembea juu ya kioo, macho bado yamefumbwa, kikaenda moja kwa moja juu kabisa, kona ya kulia. Hapo ndipo Batuli alipojua. Mina hakuwahi kuzitazama picha. Alijua mahali.

"Asante," ilisema simu.

Wanawake walitazamana. Halafu vigelegele vikalipuka.

"Kasema! Jamani, mwali kashukuru!"

"Zezeta gani huyo? Nani alisema zezeta?"

Shamsia alikuwa analia waziwazi, amefungua mikono kama anayetaka kuwakumbatia watu wote. "Wifi!" aliita, akimtafuta Batuli kwa macho. "Wifi, unamsikia mwanetu?"

Batuli alikuwa anasukuma. Alisukuma migongo, akavuta kanga za watu, akapiga kelele neno ambalo sasa lilikuwa limebaki kinywani mwake peke yake, na hakuna aliyelisikia. Waliomwona walidhani ni furaha. Wakamshika kiuno, wakacheza naye.

Wembe ulipita. Shungi la kwanza likaanguka.

"Asante. Asante. Asante."

Mpiga ngoma mkubwa alikuwa mtu mwenye sikio jepesi. Alilidaka neno lile, akalijibu kwa pigo, akalidaka tena, mpaka neno na ngoma vikaenda pamoja, na wanawake wakaanza kuliitikia kwa makofi. Kidole cha Mina kilibonyeza upesi zaidi. Ngoma ikaongeza mwendo, ikamfuata.