Vidole vya Kibla

Jumatatu asubuhi Bi Badria aliwapanga watoto wa skuli ya maandalizi kwenye uwanja wa mchanga, nyuso zao zikilielekea jua, akawaambia wanyooshe mikono. Mbele mashariki, nyuma magharibi, mkono wa kulia kusini, wa kushoto kaskazini. Waliimba vizuri sana. Kisha akawaambia wageuke wautazame ukuta wa choo, akauliza kaskazini ni wapi, na watoto wote, bila ya hata mmoja kusita, wakanyoosha mkono wa kushoto.

"Kaskazini haikufuateni nyinyi," aliwaambia. "Iko pale pale ilipokuwa."

"Lakini mkono wangu wa kaskazini ni huu huu, Mwalimu," alisema Yusra, mtoto wa miaka mitano asiyekubali kushindwa.

Bi Badria akaona anahitaji kitu ambacho mtoto akigeuka, chenyewe hakigeuki. Kitu hicho kilikuwa nyuma ya skuli. Mtaa wao uko kusini ya mji, ukishaipita Mbweni, na nyuma ya skuli palikuwa na mava ya zamani ambayo wenyeji wamezikana tangu mababu. Unguja kibla ni kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kwa hivyo kila aliyelala pale kichwa chake kiko mashariki, miguu magharibi, na mgongo ameupa kusini. Hakuna aliyewahi kumwona maiti akibadilisha ubavu.

Aliwapeleka watoto mkono kwa mkono, wakawatolea wafu salamu, wakakaa kulizunguka kaburi dogo lenye mrehani.

"Huyu anaitwa Tahiya," alisema. "Kalala ananitazama mie nlokaa hapa. Haya, kichwa chake kiko upande gani?"

Hakuwaambia kuwa Tahiya ni mwanawe, aliyekwenda kwa homa akiwa na umri wao. Hapakuwa na haja. Ilipofika Alhamisi watoto wote walikuwa wanaijua mashariki hata wakizungushwa wamefumba macho, na Yusra alikuwa anawasahihisha wenzake kwa ukali.

Wiki ya pili likaja katapila pale mavani. Lilikuja na Bwana Masoud, msimamizi wa mradi, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno laini, aliyesema kuwa kiwanja kile kimepata mwekezaji na patajengwa hoteli. Watu wa mtaa walikuwa bado wanaitana wakati mawe ya kichwani na ya miguuni yalipokuwa yanazolewa pamoja na majani na kupakiwa kwenye lori. Kufika alasiri kiwanja kilikuwa kimesawazishwa vizuri.

Kesho yake ukaja ujumbe wa maofisa kutoka mjini, kwa sababu watu walikuwa wamelalamika. Bwana Masoud aliupokea kwa soda baridi, akaunyooshea mkono ule mchanga mtupu.

"Waheshimiwa, mnaona kaburi hapa?"

"Mawe mmeyatoa nyinyi jana!" alisema Bi Badria.

"Mawe gani, Bi?"

Aliuliza huku anatabasamu, na mbele ya watu walioyaona mawe yenyewe juu ya lori. Bi Badria alitamani kumzaba kibao. Alikuwa mwanamke mpole, mwalimu wa watoto wadogo, na siku hiyo hasira ilimpanda mpaka masikio yakamvuma. Ujumbe uliandika kwamba haukuona kaburi, ukamaliza soda ukenda zake.

Ijumaa asubuhi vidole vilikuwa vimeshatoka. Vilikuwa vimeenea kiwanja kizima, kimoja kwa kila maiti, kidole cha shahada, kimejitokeza mpaka kwenye kifundo cha pili na kuinama kidogo kuelekea kaskazini. Vingine vilikuwa vikavu kama makopa. Vya wanawake kadhaa vilikuwa bado vina hina. Bi Badria alipiga magoti penye kile kidogo kuliko vyote, akakipangusa mchanga, akautazama ukucha. Ulikuwa na ile alama ya pale Tahiya alipobanwa na mlango wa kabati. Akaukalia mchanga kwa muda, kisha akasimama, maana watoto walikuwa wanamngoja.

"Piteni kwa mstari," aliwaambia. "Msimkanyage mtu. Kaskazini wapi?"

Siku hiyo hakukosea hata mmoja. Mcha, ambaye kwa kawaida alikuwa hachangii darasani, alichutama penye kidole kidogo akakipima na chake.

"Huyu mwenzetu, Mwalimu," alisema.

Ujumbe ukarudi. Safari hii ulitembea kwa uangalifu, suruali zimekunjwa, ukivuka kidole baada ya kidole, na mwisho ukaamua kuwa ile ni mizizi.

"Mizizi ya mti gani?" aliuliza Bi Badria.

"Mti wa kienyeji," alijibu kiongozi wao, na Bwana Masoud akaongeza kuwa mizizi haijawahi kuzuia ujenzi popote. Mzee mmoja wa ujumbe ule aliwatolea wafu salamu kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa kwa mtu anayeingia makaburini. Kisha na yeye akatia saini.

Vidole vilikatwa kwa panga Jumamosi, na Jumapili vikawa vimerudi. Vikakatwa tena, vikarudi tena. Mafundi walipochoka wakamwaga zege, na vidole vikapita kwenye zege bila ya kulipasua, vikapita na kwenye vigae. Fundi mmoja tu ndiye aliyekataa kuendelea na kazi, na siku ile ile akapatikana mwengine.

Hoteli ilifunguliwa kabla ya msimu wa wageni. Kila kidole kilivalishwa pete ya shaba ili watu wasijikwae, na karibu na bwawa wageni walizoea kuvitundikia miwani yao ya jua. Kwenye matangazo yake hoteli ilisema kwamba kila chumba kina kibla cha uhakika, na wageni wanaosali wakaisifu sana kwa jambo hilo. Bwana Masoud alipandishwa cheo. Skuli iliombwa kwa heshima zote watoto wapunguze sauti asubuhi, kwa kuwa wageni huchelewa kuamka, na Bi Badria akawafundisha siku hiyo kwa sauti ya juu kuliko siku zote, mpaka koo likamkauka.

Habari za Tahiya alizipata kwa Kazija, jirani yake aliyeajiriwa hotelini kufua. Kidole kile kilikuwa ndani ya stoo ya mataulo.

"Kila siku nnakisogezea mizigo, Bi, kisibanwe," Kazija alimwambia. "Na mafuta kidogo nnakipaka. Usiwe na wasiwasi."

Bi Badria alimshukuru, lakini hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hasira, na hasira ile hakuna aliyekuwa na stoo ya kuitia.

Sikukuu ya Idi ilipofika, baada ya sala, alivaa buibui lake jipya, akachukua chupa ya maji na kishada cha mrehani, akaenda kumzuru mwanawe kama alivyofanya kila Idi. Getini alimkuta kijana mlinzi, mgeni wa mtaa, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, Bi. Idi mubarak."

"Marahaba, mwanangu."

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa binti yangu."

"Karibu sana. Yuko chumba namba ngapi?"

"Hana namba. Ukiingia hapa nenda mashariki mpaka unapokwisha ukuta wa mapokezi, kisha shika kaskazini mpaka stoo ya mataulo. Ukifungua mlango utamkuta kakupa mgongo, katazama kaskazini."

Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akageuka kutazama ndani, akajikuna kichwa. Mashariki hakuijua ni upande gani.

"Nisamehe, Bi," alisema. "Bila ya namba ya chumba siwezi kukufungulia." Akamwomba asogee kidogo, kuna gari ya wageni inataka kuingia.