Utando Ndani ya Mpira wa Shangazi

Bi Darubini, jina alilobandikwa na wenzake wa maabara, alikuwa anafuta vioo vya kupimia alipoitwa wodini. Homa ya shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, ilikuwa imegoma kushuka. Ndani ya mpira wa dripu uliopita kifuani mwake, fangasi walikuwa wamejitandaza, wakajifunika utando, na dawa ilipita juu yao nao wakistarehe.

"Si mtoe huo mpira, muweke mwingine?" Bi Darubini aliuliza.

"Mwingine wa wapi, mwenzangu?" Sista wa wodi alijibu. "Shangazi akichomolewa huu, dawa ipite wapi?"

Akarudi maabara, akaja na kichupa. Fangasi wa aina hii wakishabanana mahali, hutoa majimaji ya kuambiana kwamba tumejaa, asiongezeke mtu, waliozidi watoke. Bi Darubini alikuwa ameyakinga kichupani humo kwa muda mrefu. Alidondosha matone mpirani, kisha dawa ikafuata.

Chai ya wagonjwa haijapoa, utando ukaachia. Dawa iliwamaliza wengi humo humo. Wachache walitoka kwenye mdomo wa mpira, weupe, wakubwa kama punje za mchele, wakaketi ukingoni mwa kitanda. Walikuwa na adabu zao.

"Tuwie radhi, mama," mmoja alimwambia shangazi. "Hatukuja kwa miguu yetu. Tulikuwa kifuani kwa fundi cherehani, kile kitanda cha dirishani. Alipofariki, mpira ukasuuzwa, tukaletwa kwako."

"Tuliusuuza kwa maji ya moto," Sista alisema.

"Ya uvuguvugu," fangasi alimsahihisha. "Halafu dada huyu wa maabara akaupima. Alichungulia ncha tu, akasema safi."

Wakainama kwa heshima, wakafa. Sista akawafuta kwa pamba.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini hii sasa ilijuliwa na wodi nzima. Wagonjwa walijitia usingizi. Bi Darubini aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Ni kweli, siku zote alichungulia ncha tu. Mipira ilikuwa mingi, na mchana mfupi.

"Ulijua, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Nilijua huwa inasuuzwa, shangazi. Sikujua huu utakuja kwako."

"Kwa hiyo ulijua utakwenda kwa mtu."

Shangazi akageukia ukuta. "Haya, ahsante kwa dawa. Ila usinitazame kwanza."

Kufikia alasiri homa ilikuwa imekwisha. Sista aliuchomoa mpira, akauweka kwenye sinia. Mlangoni palikuwa na mama kijana juu ya machela, hoi, mumewe kamshikia ndala zake.

"Na yeye anahitaji mpira," Sista alisema kwa sauti ya chini. "Huu niutupe?"

"Upo mwingine?"

"Utoke wapi?"

Bi Darubini alimtazama yule mume, naye akamwamkia kwa heshima kubwa.

"Usuuze," alimwambia Sista. "Kisha uniletee niupime."

Shangazi alimsikia. Hakugeuka.