Trei ya Walter

Walter anaendesha trekta la miwa huko Muhoroni, na anataka kumuoa binti yangu Dorca. Badala ya kunitumia kuku kama watu wenye akili, alinitumia katuni.

"Aki Mama, lazima uione," Dorca aliniambia, simu mkononi. "Ni ya kuoka mikate. Walter anasema hata wewe fundi utashangaa. Ukiipenda tu, ataleta wazee wake."

Nilishangaa kweli. Kijana mwenye nywele za buluu anatwangana ngumi na donge la unga ulingoni, na donge linamrudishia matusi. Tanuri lake ni volkano. Jaji wa mashindano akionja kidogo, shati linapasuka, upara unaota nywele, anapaa mawinguni huku akiwalilia msamaha wote aliowadhulumu. Kwa sababu ya skonzi! Mimi nimeoka mkate hapa Nyamasaria tangu Dorca akiwa mgongoni, na shukrani kubwa niliyowahi kupata ni mtu kuniuliza mbona mkate leo umekuwa mdogo.

"Mwambie huyo Walter wako," nikasema, "mwanamume anayeamini unga unatukana watu hawezi kulisha familia."

Dorca akanuna, hakula. Kesho yake Walter akaja mwenyewe na trei iliyofunikwa kitambaa. Mjinga yule alikuwa ameoka. Alidhani atanikodolea macho nikipaa mawinguni, kama kwenye katuni yake. Alisahau kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani wakila. Basi akabaki sebuleni peke yake, mimi nikaingia jikoni na trei, Dorca akasimama mlangoni kama mjumbe.

Nikamega.

"Chini umeungua!" nikapaza sauti asikie. Nikamega tena, nisije nikamwonea mtoto wa watu. "Katikati mbichi! Na hii chumvi, ulikuwa unakausha samaki wa mbuta?"

Dorca macho yamemjaa machozi.

Sikupaa popote. Nilisimama tu na kipande mkononi, nikijaribu kumkumbuka mtu mwingine aliyewahi kuniokea mimi chochote. Nikakosa. Mji mzima unakula kwangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi nakula nini. Jambo hilo liliniuma, likanikasirisha zaidi, nikamega kingine.

"Mwambie Mama anisamehe," sauti ya Walter ikapita ukutani, nyonge kabisa. "Anirudishie tu, nitaenda nijaribu tena."

Nikaangalia trei. Makombo matupu.

Dorca naye akaangalia, akaziba mdomo kwa mkono.

"Unacheka nini?" nikamfokea. "Mwambie ule mkate ulikuwa mbaya sana. Na mwambie kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Trei inabaki hapa mpaka wazee wake waje kuichukua."